Kirudishe Kile Kimya

Nekesa mwanangu,

Najua hupendi barua ndefu. Ungependelea nikutumie ujumbe kwenye simu, maneno matano na kidole gumba cha manjano, tuwe tumemalizana. Lakini mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na hili ninalotaka kukwambia haliwezi kubebwa na kidole gumba. Vumilia basi. Utaisoma njiani, na safari ya Kampala ni ndefu.

Ni saa kumi na moja jioni. Umeenda Mweiga kuwaaga wenzako, begi lako liko hapa sebuleni limefungwa, na nyumba yetu ya hapa Skuta, Nyeri, imeshaanza kukaa kama mtu amehama. Sitakwambia uvae sweta, maana huko unakokwenda hakuna baridi. Sitakwambia ule vizuri, wala uchague marafiki, wala usimsahau Mungu. Shangazi zako wamekwambia hayo yote kwa simu tangu Jumapili, tena kwa sauti ya juu, na nilikuona ukiweka simu kwenye meza ukiendelea kukunja nguo.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja tu. Wanjiru alipita hapa Alhamisi kuchukua beseni na kile kigoda chenu cha mchezo. Nikamtengenezea chai, nikamuuliza mmejiandaa vipi, maana kikundi cha maigizo kilichowachukua huko Kampala kimesema mtaanza kwa kuonyesha mchezo wenu wenyewe. Akanijibu akiangalia kikombe.

"Tuko sawa, Baba Nekesa. Tumetoa tu ile part ya kunyamaza."

"Mmeitoa kwa nini?"

"Nekesa anasema watu hawatangoja."

"Watu gani?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa tena. "Watu," akasema. "Si ni watu kama wewe."

Tangu siku hiyo sijatulia. Nataka ukirudishe kile kimya. Ndiyo maana ya barua hii, nimeisema mapema ili usidhani ninakuzungusha. Shida ni kwamba sijui kwa nini nataka ukirudishe, kwa sababu nikisema ukweli sikukipenda. Sikukielewa siku ile, na hata leo nikikaa peke yangu nikijaribu kukielewa kinaniteleza. Zamani nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Leo mimi ndiye nimekaa dawati la nyuma.

Turudi kwa hiyo siku, ingawa hatujaizungumza kwa wiki tatu na tumekuwa tukipitana hapa ndani kama wapangaji. Mlitualika kwenye stoo ya viazi kule Mweiga. Kabla hata hamjaanza nilikuwa nimeshakasirika, nakubali. Mimi ni mtu wa jukwaa na pazia. Nimezoea mchezo unaoanza kwa kengele, watu wakae mbele na waigizaji wakae juu, mfalme ajulikane kwa mavazi na mchawi ajulikane kwa kicheko. Nyinyi mkatukalisha juu ya magunia. Hakukuwa na taa ila ile iliyoingia mlangoni. Harufu ya udongo na viazi ilikuwa imejaa, na nikajiambia, haya, huu ndio usanii wa siku hizi, mtu anasomeshwa miaka minne ili aje kuigiza stoo.

Kisha ukaingia na beseni. Ukakaa kwenye kigoda, ukaanza kumenya viazi. Hukuwa umejipaka kitu usoni. Hukuwa umefunga leso ya mama mzee wala kujikunja mgongo, yale mambo niliyokufundisha mimi mwenyewe ukiwa darasa la tano. Ulikuwa wewe tu, na suruali yako. Ukamenya kiazi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikahesabu mpaka tisa. Mwanamke mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Huyu anamenya vibaya, anatoa nyama yote." Nikaona aibu kwa niaba yako, maana alisema kweli.

Ndipo sauti ya Wanjiru ikatoka nyuma ya magunia, ikauliza, "Mama, wewe unataka nini?"

Ukasimamisha kisu. Ukatuangalia. Hukusema kitu.

Dakika ya kwanza nikafikiri ni madoido. Ya pili nikaanza kutoka jasho. Nilikuwa nayajua maneno yaliyofuata, kwa sababu nimeyasikia mkiyafanyia mazoezi hapa sebuleni mwezi mzima nikijifanya nasoma gazeti. Jibu lako lilikuwa, "Sitaki kitu, niko sawa." Watu wakaanza kugeuzageuza makalio juu ya magunia. Mtoto akakohoa. Nikaangalia saa, ikawa dakika ya tatu, halafu ya nne. Na wewe bado umekaa na kiazi nusu kimemenywa, mdomo umefunguka kidogo.

Nikasema mimi. "Sitaki kitu, niko sawa." Na sikunong'ona. Unaijua sauti yangu ya drama, ile niliyokuwa nawafundishia watoto wa shule, kwamba ukisema neno jukwaani askari wa geti alisikie. Kila mtu akageuka. Stoo nzima ikacheka, na wengine wakapiga makofi.

Ukaniangalia. Ukakiacha kisu kwenye beseni, ukayasema maneno yaleyale kwa haraka kama mtu anayelipia kosa, na mchezo ukaisha muda si mrefu.

Sasa nikwambie usilolijua. Watu walipokuwa wakitoka, mzee mmoja mkulima wa viazi, mwenye kofia ya sufu, alinishika mkono akautikisa kweli kweli.

"Mwarimu, wewe ndio umenibamba," akasema. "Bibi anaurizwa, bwana ndio anajibu. Hiyo ni kwangu kabisa. Hata mama watoto amenifinya hapa, angaria."

Akanionyesha mkono. Alidhani tulipanga. Na wengine watatu wanne wakaja, wakanisifu kwa uigizaji. Nekesa, mimi nilipokea zile pongezi. Nilisema asante. Mtu mmoja akaniuliza kama tulifanya mazoezi kwa muda mrefu, nikamwambia, "Kiasi." Nilipoinua macho nikakuona umesimama karibu na mlango na beseni lako, unaniona nikipeana mikono. Nadhani hapo ndipo nilipokuumiza zaidi kuliko pale nilipopaza sauti. Naona aibu kuliandika hili, lakini maji yameshamwagika.

Nyumbani nilikwambia nilidhani umesahau maneno. Uliniambia, "Sawa, Baba." Basi, ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya.

Nimejaribu kujitetea kichwani. Nataka ujue nilikotoka, labda utanielewa kuliko ninavyojielewa. Katika michezo ya shule, kusahau ni kifo. Unaingia ukumbini na watoto arobaini mliolala kwenye madarasa ya watu, mmekula githeri baridi, mmepaka unga kwenye nywele za wavulana ili wawe wazee, mmechora mikunjo kwa makaa. Waamuzi wamekaa pale mbele na kalamu. Mtoto akinyamaza mahali ambapo hakuandikiwa kunyamaza, mmekwisha, mnarudi nyumbani. Kwa hiyo mimi nilikuwa nasimama pembeni mwa pazia na karatasi mkononi, kila mchezo, kila mwaka. Mwigizaji akikwama, namrushia neno. Nilikuwa hodari. Walimu wa shule nyingine walikuwa wanasema watoto wangu hawasahau, kumbe wanasahau kama wengine, ila mimi ni mwepesi.

Jumamosi iliyopita nilikwambia naenda Nanyuki kuona mtu wa mabati. Sikwenda kwa mabati, nilipita Nanyuki nikaenda mpaka Timau. Unakumbuka nilianzia kazi huko, kabla hujazaliwa. Kulikuwa na msichana anaitwa Kendi, aliigiza mjane katika mchezo wetu wa kwanza kufika mashindano ya mkoa. Katikati ya kilio chake alinyamaza. Alisimama tu, macho yamejaa machozi, ukumbi umetulia mpaka unasikia viatu. Nikamrushia neno, akaendelea, tukashinda. Kwa miaka mingi nilikuwa najivunia siku ile. Baada ya Mweiga ikaanza kuniuma. Nikafikiri, je, kama hakuwa amesahau? Kama yule mtoto alikuwa amefika mahali fulani peke yake, nami nikamvuta shati akarudi?

Kendi ana duka la dawa za mifugo sasa, na wajukuu wawili. Nikamsalimu, nikanunua dawa ya kupe ambayo sina ng'ombe wa kumpaka, ndipo nikamuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Nilikuwa hata nimetayarisha maneno ya kuomba radhi.

Akacheka. "Mwalimu, nilikuwa nimesahau kabisa. Kichwa ilikuwa empty. Wewe ndio uliniokoa."

"Una hakika?"

"Eh. Hata story yenyewe siikumbuki ilikuwa ya nini." Akafikiri kidogo, akinifungia dawa kwa gazeti. "Kitu nakumbuka ni kuogopa. Si kuogopa watu, hapana. Ni uso yako pale kwa pazia."

Nikarudi Nyeri na dawa ya kupe na akili imevurugika kuliko nilivyokwenda. Nilitaka aniambie nilikosea ili nije nikwambie nawe, sikiliza, nimejifunza, yamekwisha. Badala yake nimeambiwa nilifanya vizuri na kwamba niliogopesha. Sijui nifanye nini na mambo hayo mawili. Mzee mzima ninatembea na majibu mawili mfukoni, na kila nikiingiza mkono natoa lile ambalo silitaki.

Nikawa namuwaza mama yako. Sikutaka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wewe unamkumbuka kama fundi wa nguo wa pale stendi ya zamani, lakini kabla ya hapo alinishonea mavazi ya michezo yote. Mwaka mmoja tulikuwa na mfalme. Nikamwambia amshonee ngozi ya chui kwa gunia, tupake madoa kwa rangi ya viatu. Akashika lile gunia, akaligeuza, akaniuliza, "Kwani lazima? Si avae tu lile koti kuukuu la baba wa mwenye nyumba wetu? Akikaa vizuri ndani yake, watu watajua ni mfalme." Nikamwambia watu hawataelewa. Akanyamaza. Nami nikachukua kule kunyamaza kama amekubali, akashona gunia, na mfalme wetu akaonekana kama gunia la makaa lenye ukoma. Siku ile stoo nilipokuona na suruali yako na uso usiopakwa kitu, ningepaswa kujua umetoa wapi. Mimi nilikufundisha kupaza sauti. Hayo mengine ni ya mama yako.

Yeye alikuwa mtu wa kungoja kabla ya kujibu. Ukimuuliza kama anataka chai, anakaa kwanza, kana kwamba swali limetoka mbali. Mimi nilikuwa siwezi. Ukimya wa mtu unaniwasha mwili mzima. Kwa hiyo nilikuwa namjibia. Kwa majirani, kanisani, kwa daktari. Nilidhani ni mapenzi, na sitakudanganya, sehemu yake ilikuwa mapenzi kweli. Nilikuwa namwokoa, kama Kendi. Angalau ndivyo nilivyoona.

Alhamisi ile ile nilimuuliza Wanjiru swali jingine alipokuwa anamalizia chai. Nilimuuliza kwa nini mliandika jibu fupi namna ile baada ya kungojesha watu muda wote huo. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya vijana inayoudhi.

"Lakini hiyo line haikuwa fixed," akasema. "Hiyo Nekesa alikuwa anasema kwa rehearsal tu, ndio tusonge. Mbele ya watu alikuwa anataka kungoja mpaka jibu ikuje yenyewe. Siku ile ndio ilikuwa ya kwanza."

Nilimsaidia kubeba kigoda mpaka barabarani.

Kwa hiyo sasa sijui ungesema nini. Hata wewe hujui, maana hukufika. Nimekaa na hilo siku tatu. Na nimejiuliza tena na tena lile swali ambalo ulikuwa na adabu ya kutoniuliza: kweli nilidhani umesahau?

Nimewaambia watu wote hivyo. Nilimwambia pasta, nilimwambia mjomba wako kwa simu akacheka mpaka akakohoa. Kuna asubuhi naamka nikiamini kabisa. Asubuhi nyingine naamka najua ni uongo. Acha nikuandikie ya asubuhi nyingine, kwa kuwa unaondoka.

Ulikuwa na miaka kumi na minne barua yangu ya uhamisho ilipokuja. Nilikuwa naweza kurudi kufundisha karibu na kwetu Bungoma, au kukataa tubaki hapa. Mjomba wako alikuwa amekuja kututembelea. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni anamenya viazi, na wewe ulikuwa umekaa sakafuni karibu naye unafanya hesabu. Mjomba akamgeukia, akamuuliza, "Na wewe dada, unataka nini? Kurudi nyumbani ama kukaa huku?" Mama yako akasimamisha kisu. Akafungua mdomo kidogo. Na mimi nikasema, "Huyu hataki kitu, yuko sawa popote." Mjomba akacheka, mama yako akainamia kiazi chake, na tukaingia kwenye mambo mengine.

Nilidhani hukusikia. Ulikuwa na hesabu zako.

Pale stoo, dakika ya tatu, nilikutambua. Si wewe, yeye. Kisu kimesimama hivyo hivyo, mdomo hivyo hivyo. Nilijua kabisa hukusahau. Nilijua unangoja nini na nilijua jibu linakuja, na nilishikwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo mbele ya mwamuzi yeyote. Nikasema maneno yaliyokuwa yangu tangu mwanzo. Nekesa, sikukusaidia. Nilikunyamazisha, kwa kuongea. Nisamehe.

Halafu, ninapoandika hivi, sauti nyingine inaniambia labda najipa ukubwa, labda nilikuwa tu mwalimu mstaafu aliyeona mtoto wake amekwama. Sijui. Ningependa nikukabidhi baba aliyeelewa mambo yake, usafiri naye vizuri. Huyu uliye naye amechanganyikiwa, na ndiye huyo.

Hata sasa mchezo wenu sijui kama ni mzuri. Ungeniuliza kama mwamuzi ningekupunguzia alama kwa sauti, kwa mwanga na kwa kumenya vibaya. Lakini nimetazama michezo mingi katika maisha yangu, na huo ndio pekee ulioniinua kutoka nilipokuwa nimeketi. Ile yenye ngozi za chui sikumbuki hata mmoja unavyoisha. Yule mzee wa viazi aliuona kabla yangu, akafinywa kwa ajili yake. Watu watangoja. Wakikohoa, waache wakohoe. Akitokea mzee kama mimi akakujibia, usiharakishe kama ulivyoharakisha kwa heshima yangu. Mwangalie tu, kisha uendelee kungoja.

Tulibaki Skuta kwa sababu mimi nilisema. Mama yako alipofariki tulimpeleka Bungoma kwa sababu mimi nilisema. Yote mawili nilimjibia, na nimekaa naye miaka ishirini na sita, na ukinishika leo ukaniuliza alitaka nini, sina cha kukwambia.

Kwa hiyo kirudishe. Sikuombi uniambie jibu, na si lazima nialikwe. Nataka tu siku moja, mbele ya watu wa Kampala ambao hawanijui, mama yako aulizwe lile swali, na mimi nisiwepo kujibu.

Baba yako